Pikipiki ya Zschopau na Karakana Yetu

(Hotuba iliyotolewa Butiama katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nitasema machache kabla ya chakula. Sitawaweka sana, maana harufu ya mbuzi naisikia kama mnavyoisikia ninyi. Katibu aliniomba nizungumzie maisha yangu ya ubwana shamba. Nimeona heri nizungumzie pikipiki iliyonibeba, kwa sababu jambo lililo mbele ya mkutano huu, yaani michango yetu ijenge lango la shule au karakana, linahusiana nayo sana.

Mwaka 1982 nilikuwa nikizunguka Buhemba, Kiabakari na Kiagata juu ya Yamaha ya mipigo miwili, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Siku moja ikaanza kuchoka. Tambarare ilikwenda, mlimani ilikufa. Nilidhani pistoni imekwisha, na ninyi mnakumbuka jinsi vipuri vilivyokuwa adimu miaka ile. Fundi mmoja wa Musoma, mzee aliyesoma madarasa machache tu, hakuigusa injini. Aliifungua ekzosi, akaitia motoni, akaigonga, masizi yakamwagika. Jioni ile nilipanda mlima nikipiga mluzi. Nilipomwuliza amejuaje, alinijibu kwamba kwa pikipiki za namna hii ekzosi ni nusu ya injini. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba maneno yale yana historia, na historia yenyewe inatupeleka Ujerumani.

Ndugu zangu, katika mji mdogo wa Zschopau, huko Saksonia, Mdenmarki mmoja aitwaye Jørgen Skafte Rasmussen alinunua kiwanda kitupu cha nguo mwaka 1906. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alijaribu kutengeneza gari linalokwenda kwa mvuke, akashindwa. Kilichobaki ni herufi tatu za jina la gari lile: DKW. Mwaka 1919 akazibandika kwenye injini ndogo ya kuchezea watoto, halafu kwenye injini ya kufungwa katika baiskeli, na mwaka 1922 kwenye pikipiki kamili. Kabla ya miaka kumi kwisha, DKW kilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani kwa pikipiki. Mwaka 1932 kiliungana na Audi, Horch na Wanderer, na zile pete nne mnazoziona leo kwenye magari ya Audi ni alama ya muungano huo.

Mwaka 1939 mhandisi wao Hermann Weber alitoa pikipiki ndogo iliyoitwa RT 125. Ilikuwa nyepesi, rahisi kufunguliwa na rahisi kufungwa. Vita vya pili vilipokwisha mwaka 1945, Warusi waliing'oa mitambo ya kiwanda na kuisafirisha kwao iwe fidia ya vita, na michoro ya RT ikawa ngawira ya washindi. Warusi wakatengeneza ya kwao. Waingereza wakatoa BSA Bantam. Wamarekani wa Harley-Davidson nao wakatoa yao. Huko Japani, kampuni ya kutengeneza vinanda ilipoingia katika pikipiki mwaka 1955, ya kwanza kabisa ilifuata mfano wa RT hiyo hiyo. Kampuni hiyo ni Yamaha. Kumbe ile pikipiki yangu ya Kiagata ilikuwa mjukuu wa Zschopau!

Sasa sikilizeni sehemu inayonigusa zaidi. Kiwanda kilichobaki kuta tupu mwaka 1945 kilikuwa kinatoa tena RT 125 mwaka 1950. Mitambo ilikwenda, lakini mafundi wengi walibaki. Kilikuwa sasa upande wa Ujerumani ya Mashariki, na toka mwaka 1956 kikaitwa MZ. Hapo alikuwapo mhandisi Walter Kaaden. Huyu alionyesha kwamba bomba la moshi la injini ya mipigo miwili likipewa umbo sahihi, mgandamizo wa moshi hurudi nyuma na kuisukuma ndani petroli iliyotaka kutoroka kabla haijaungua. Nguvu ikaongezeka ajabu. Ndiyo habari ya yule mzee wa Musoma: ekzosi ni nusu ya injini.

Lakini mwaka 1961 mpanda pikipiki wao bora, Ernst Degner, alitoroka baada ya mashindano ya Sweden, akaenda Suzuki na ujuzi ule kichwani. Mwaka 1962 Suzuki wakawa mabingwa wa dunia wa pikipiki za cc 50, naye Degner ndiye aliyekuwa juu yake.

Ndugu Mwenyekiti, Wajerumani hao wawili, wa Mashariki na wa Magharibi, tulikutana nao hata sisi. Mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliwaruhusu wa Mashariki wafungue ofisi ya konseli Dar es Salaam. Mwalimu, ambaye leo amelala hapa hapa Mwitongo, akawaambia wachukue na msaada uliobaki. Alijua kwamba anayekupa kitu anaweza kukichukua siku yoyote. Ujuzi ulioko mikononi mwako hauchukuliki hivyo.

Nisiwafiche, ujuzi peke yake hautoshi. Baada ya fedha za Ujerumani mbili kuunganishwa mwaka 1990, MZ ilipoteza wanunuzi wake wa Mashariki. Ikauzwa, mwaka 1996 ikaingia mikononi mwa kampuni ya Malaysia, na mwaka 2008 uzalishaji ukasimama. Hata fundi hodari anahitaji soko na mtaji. Hilo nalikubali mapema, kabla mweka hazina hajanikumbusha.

Hata hivyo, tutazame nje. Kutoka Makutano hadi hapa tumepishana na bodaboda ngapi? Nyingi zimetoka India na China. Wengi wa wapandaji ni vijana waliomaliza shule kama yetu. Wanajua kuiwasha na kuikimbiza. Ikizima njiani wanaisukuma hadi chini ya mwembe, na pato la siku linaishia kwa fundi. Nao vichwa si vibovu. Hawajapata kuifungua injini hata moja mbele ya mwalimu.

Kwa hiyo natoa hoja. Lango lingoje. Fedha hizi zijenge chumba kimoja chenye meza imara, seti za spana, jiliwa, na pikipiki kuukuu mbili za kufunguliwa na kufungwa hadi zichakae. Mimi natoa ya kwangu, ile niliyoinunua nilipostaafu. Bado inawaka, ila mlimani imeanza kuchoka. Wanafunzi waanze na ekzosi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuwape vijana wetu mahali pa kuinamia.