Daktari, Kioo na Mgonjwa

Msikilizaji, mtu akiugua kisiwani Shungimbili, wilayani Mafia, Tanzania, ni lazima avuke bahari ndipo aifikie hospitali ya wilaya, Kilindoni. Cheti cha karatasi hulowa chomboni. Kumbukumbu iliyohifadhiwa kwenye GoT-HOMIS, mfumo wa kompyuta wa vituo vya afya vya serikali, hailowi. Wapo wanaolalamika kwamba daktari hutazama kioo cha kompyuta kuliko mgonjwa, na wana haki: utafiti wa Marekani wa 2016 ulikuta madaktari wakitumia karibu nusu ya siku ya kazi kwenye kompyuta na makaratasi, asilimia 27 tu kwa wagonjwa. Hata hivyo, kurudi kwenye daftari kutampotezea mgonjwa historia yake. Daktari asikilize kwanza, ndipo aandike, kisha amsomee mgonjwa alichoandika. Nawe uliza nani anaziona taarifa zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki hiyo.