Somo la Kumi na Nne: Kuwaburudisha Watumishi wa Injili



 Katika somo lililopita tulijifunza kwamba kila mbatizwa ametumwa kuitangaza Injili. Leo twatazama jambo linalofuata. Aliyetumwa huchoka. Naye akichoka, ni nani atakayemburudisha?

Neno hili kuburudisha mwalijua vema. Mtu anapalilia maharagwe katika jua kali la adhuhuri. Mtoto anamletea maji. Anakunywa, anapumua, anashika tena jembe. Shamba halikupungua, wala jembe halikuwa jepesi. Lakini moyo wake umerudi. Ndivyo ilivyo kumburudisha mtumishi wa Mungu. Si kumwondolea mzigo wake, bali kumrudishia moyo wa kuubeba.

Twaanza na nabii Elia. Alikuwa mtu shujaa, aliyesimama peke yake juu ya mlima wa Karmeli mbele ya manabii wengi wa Baali. Lakini malkia Jezabeli alipoapa kumwua, Elia alikimbilia jangwani, akaketi chini ya kichaka, akamwomba Mungu amtwalie roho. Angalieni Mungu alivyotenda. Hakumkaripia, wala hakumwambia kwamba nabii hapaswi kuchoka. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, pamoja na chombo cha maji. Elia alikula, akalala. Malaika akamwamsha mara ya pili, akala tena. Ndipo akapata nguvu ya kwenda siku 40 hadi mlima wa Horebu.

Na huko Horebu alimlalamikia Mungu kwamba amebaki peke yake. Mungu akamjulisha kwamba wako watu 7000 katika Israeli wasiompigia Baali magoti, tena akamwagiza amtie mafuta Elisha, awe nabii mahali pake. Basi Elia alipewa vitu vitatu: chakula, neno la kumtia moyo, na mwenzi. Vitu hivyo vitatu twaweza kuvitoa sisi sote, hata asiyejua kusoma.

Tazameni sasa mfano wa karibu nasi, katika nchi jirani ya Uganda. Huko kaskazini, katika nchi ya Waacholi, palikuwa na kijiji kiitwacho Paimol. Katekista wa huko alipofariki, kijana Daudi Okelo alijitolea kushika nafasi yake. Padri wa misioni ya Kitgum aliwaonya wazi kwamba mahali pale ni mbali na pana hatari. Daudi hakurudi nyuma. Wala hakwenda peke yake. Jildo Irwa, aliyekuwa bado mtoto, alijitolea kufuatana naye. Kule Paimol Daudi alipiga ngoma alfajiri kuwaita wakatekumeni kwenye sala, naye Jildo alimsaidia kufundisha. Mwezi wa Oktoba 1918 watu wenye mikuki waliwajia. Jildo hakukubali kuachana na mwenzake. Kwa kuwa walifanya kazi pamoja, alitaka wafe pamoja. Tarehe 20 Oktoba 2002 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza wote wawili kuwa wenyeheri. Kanisa halikumtukuza Daudi na kumsahau Jildo. Yule aliyemshika mwenzake mkono amepewa heshima ileile.

Ndugu wapenzi, turudi sasa kwetu. Tarehe 10 Mei 2021, Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, alitoa barua ya kuanzisha rasmi utumishi wa katekista katika Kanisa lote. Hivyo Kanisa limetamka mbele ya dunia kwamba kazi hii ni wito wa kweli. Lakini barua ya Roma haimlimii katekista shamba lake. Yeye ana mke na watoto kama ninyi. Siku anayowafundisha watoto wenu, magugu yanakua katika mihogo yake. Watu wengi hudhani kwamba misioni inamlisha, kwa hiyo hawamletei hata fungu la ndizi. Usiku anaitwa kwa mgonjwa, anakwenda peke yake. Jumapili akikosea neno moja katika masomo, Jumatatu kijiji kizima chalirudia. Tunawaambia kwa kweli: katekista hachoshwi hasa na njia ndefu. Huchoshwa na upweke na masengenyo.

Liko na jambo zito zaidi, ambalo hatuwezi kulipita kimya hapa Kiwanja. Mwezi wa Novemba 2008 watu wasiopungua 150 waliuawa katika mji huu kwa muda wa siku mbili, na wengine walitolewa majumbani mwao. Mwaka 2012 vita vilirudi. Mwezi wa Oktoba 2022 vikaja tena, watu wakakimbia kwa maelfu. Kati ya wanaokimbia siku kama hizo wamo pia wanaofundisha dini. Nao wanaporudi, pengine husikia maneno haya nyuma yao: "Mbona yeye aliyetufundisha ushujaa alikimbia kwanza?"

Maneno hayo huua moyo kuliko njaa. Basi tuyapime kwa Injili. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe aliwaagiza mitume kwamba wakiudhiwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Mtume Paulo aliteremshwa ukutani usiku ndani ya kapu ili awaepuke waliotaka kumwua. Kukimbia kifo si kuikana imani. Aliyewachukua watoto wake akaokoa maisha, kisha akarudi kufungua tena mlango wa kanisa dogo la kijiji, huyo hastahili kuchekwa. Anastahili kupokewa.

Na hata kama kweli alikuwa na udhaifu, je, tumtupe? Sikilizeni habari za Yohane Marko. Alifuatana na Paulo na Barnaba katika safari yao, kisha akawaacha njiani akarudi Yerusalemu. Walipotaka kusafiri tena, Paulo alikataa kumchukua. Lakini Barnaba, ambaye mitume walimpa jina hilo kwa kuwa aliwatia watu moyo, alimchukua Marko wakaenda naye Kipro. Miaka ikapita. Paulo, akiwa mfungwa, alimwandikia Timoteo amlete Marko, kwa sababu anamfaa katika utumishi. Na mapokeo ya Kanisa yanatuambia kwamba ndiye Marko aliyetuandikia Injili. Kama Barnaba angekaa pamoja na wenye kucheka, nani angalimrudisha kijana yule kazini?

Labda mmoja wenu anasema: "Mimi ni mtu mdogo, nimebatizwa juzi tu. Nitamtiaje moyo mwalimu wangu?" Ndugu, wote mmeona chukudu ikipanda mlima katika barabara ya Goma, imejaa magunia. Mwenye chukudu anaijua njia na mzigo wake. Mtoto akija akaweka mikono nyuma na kusukuma, hafundishi mtu kazi. Lakini chukudu inafika juu.

Basi juma hili twawapa mashauri matatu, kwa kufuata vile vitu vitatu vya Elia.

La kwanza ni chakula. Kila shirika likutane, lichague siku moja ya kulima pamoja shamba la katekista wake. Msingoje aombe, maana mtu mwenye heshima huona haya kuomba.

La pili ni mwenzi. Anapoitwa kwa mgonjwa wa mbali, mtu mmoja afuatane naye kwenda na kurudi. Msimwache aende peke yake kama Elia jangwani.

La tatu ni neno. Hatusemi mumsifu kwa uongo. Sifa za uongo ni sumu yenye asali. Mwambieni jambo moja la kweli: "Mwalimu, tangu ulipomfundisha mtoto wetu Baba Yetu, jioni tunasali sote nyumbani." Neno kama hilo humfikisha mtu mwaka mzima. Tena, kabla ya kusema, msikilizeni. Tarehe 31 Januari 2023 Baba Mtakatifu Fransisko alifika Kinshasa. Alikuwa amekusudia kuja hata Goma, vita vikamzuia. Basi watu walioumizwa huku mashariki walipelekwa kwake, naye aliwasikiliza kwanza, ndipo akasema. Nasi tufanye hivyo. Mwulizeni katekista: "Mwalimu, wewe mwenyewe u hali gani?" Wengi hawajaulizwa hivyo kwa muda mrefu. Msiwasahau pia mapadri na masista. Nao wana mwili na moyo kama sisi.

Sasa tujibu maswali ya somo, nanyi myashike kwa moyo.

Swali: Kumburudisha mtumishi wa Injili maana yake ni nini?
Jibu: Ni kumrudishia moyo wa kuubeba mzigo aliopewa na Mungu.

Swali: Mungu alimburudisha nabii Elia kwa vitu gani?
Jibu: Kwa chakula, kwa neno la kumtia moyo na kwa mwenzi.

Swali: Yatupasa kumtendea nini mtumishi aliyekimbia hatari kisha akarudi?
Jibu: Yatupasa kumpokea kwa furaha, kama Barnaba alivyompokea Marko.

Swali: Nani anapaswa kufanya kazi hii?
Jibu: Kila mbatizwa, mkubwa kwa mdogo.

Tusali. Ee Mungu, uliyemtuma malaika wako kwa nabii aliyechoka, uwatazame makatekista wetu, mapadri wetu na masista wetu. Utusamehe maneno tuliyosema nyuma yao. Ututume sisi kwao, na mkate, na neno jema, na miguu ya kufuatana nao njiani. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Ndugu wapenzi, hapa twamaliza somo la leo. Mtakapotoka katika mkutano huu, pengine mtapita karibu na nyumba ya katekista wenu. Msipite tu. Pigeni hodi.

Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.