Njia ya Changarawe Nyumbani: Anza na Maji

Haya ni mazungumzo ya afisa wa idara ya barabara ya kaunti kwa wakazi waliohudhuria baraza la wadi. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.



Nimeombwa nizungumze juu ya njia ya kuingia nyumbani, ile inayotoka barabarani, ikapita langoni hadi mlangoni pako. Wengine wataona ni jambo dogo. Lakini mvua ikinyesha siku 3 mfululizo, kisha ambulensi ije usiku kumchukua mama mjamzito na ikwame mita 30 kutoka mlangoni, hapo hakuna atakayesema ni jambo dogo.

Wengi wetu tukitaka kutengeneza njia, huanza kwa kuita lori. Changarawe inamwagwa juu ya udongo mtupu, vijana wawili wanaisambaza kwa majembe, na kwa miezi michache njia inapendeza. Mvua ikija, changarawe inazama kwenye matope au inabebwa hadi kwa jirani. Mwaka unaofuata lori linaitwa tena. Ndugu zangu, adui wa kwanza wa njia ya changarawe ni maji, hata kabla ya magari. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya lori, jiulize maji yatapita wapi.

Maji ya paa na maji ya barabara

Mvua ikinyesha, vaa buti utoke nje utazame. Maji yanaingia uani kupitia wapi? Yanatuama wapi? Kisha tazama paa lako. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita 100 za mraba huteremsha lita 2,000 hivi. Maji hayo yakimwagika kwenye njia, yataichimba hata ungeweka changarawe ya namna gani. Weka mifereji ya paa, uyapeleke kwenye tangi. Utapata maji ya kufulia na njia itapona.

Sasa nifike langoni, maana hapa ndipo tunapokosana. Kando ya barabara kuna mtaro. Mtu akitaka gari liingie, anaujaza mtaro mawe na udongo, basi, amepata daraja. Lakini maji hufuata mkondo, na ukiuziba hayarudi nyuma. Yanapanda barabarani na kuikata, au yanaingia kwa jirani wa upande wa juu. Lango moja tu linaweza kuharibu barabara inayotumiwa na kijiji kizima, na pesa za kuirekebisha ni za ushuru wenu.

Dawa yake ni kalvati. Bomba la zege lenye kipenyo cha milimita 600 ni zuri kwa sababu unaweza kulisafisha kwa jembe lenye mpini mrefu. Lilazwe kwenye kina cha mtaro wenyewe, lisiwe juu yake, na liwe na mteremko mdogo: kwa bomba la mita 5, upande wa kutokea uwe chini kwa sentimita 10 hivi. Jenga ukuta mdogo wa mawe kila upande ili udongo usimomonyoke.

Kabla ya kuchimba, omba ruhusa. Kwa barabara ya kaunti, njoo ofisini kwetu. Kwa barabara za kitaifa, zinazosimamiwa na mashirika kama KeNHA, KURA na KeRRA, nenda kwa shirika linalohusika. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kujenga kitu kwenye hifadhi ya barabara bila idhini. Na lile rundo la changarawe ambalo mkandarasi ameacha kando ya barabara ni mali ya barabara. Usilibebe usiku.

Kutengeneza njia yenyewe

Ondoa nyasi, mizizi na udongo wa juu. Kama udongo wako ni ule mweusi unaonata, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, usimwage changarawe juu yake. Ondoa angalau sentimita 30, kisha ujaze mawe makubwa na kuyashindilia. Penye udongo mwekundu ulio imara, kazi ni nyepesi zaidi.

Kisha chagua changarawe. Mawe ya mviringo ya mtoni huteleza na kutawanyika kwa sababu hayashikani. Muramu mzuri una mawe yenye kona, mchanga, na udongo kidogo wa kuyaunganisha. Lowesha kiasi mkononi na ukifinye. Kikibomoka chote, hakina cha kukishikilia na kitageuka vumbi. Kikinata kama ugali, udongo umezidi na njia itateleza.

Mwaga kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 15. Nyunyiza maji kiasi cha kulowesha tu, kisha shindilia kwa rola ya kukodi au kishindilio cha mkono. Njia ipewe mgongo, katikati juu na kando chini, ili maji yasikae. Kwa njia ya mita 3 kwa upana, katikati pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 7 hivi. Penye mlima mkali changarawe haikai. Hapo jenga mistari miwili ya zege ya kupitia magurudumu.

Hesabu nayo ni muhimu, ili usipunjwe. Njia ya mita 20 kwa urefu, mita 3 kwa upana na unene wa sentimita 15 inahitaji mita 9 za ujazo baada ya kushindiliwa. Ikiwa bado haijashindiliwa, ni kama mita 12 za ujazo. Lori likifika, pima sanduku lake kwa futi yako: urefu mara upana mara kimo cha mzigo. Usinunue kwa kuambiwa tu kwamba lori limejaa. Na ukiwa na pesa kidogo, tengeneza kalvati na mtaro mwaka huu, changarawe uiweke mwaka ujao. Ukianza na changarawe, utainunua mara mbili.

Kuitunza

Kila mwaka kuna kazi mara mbili: kabla ya mvua ndefu za Machi na kabla ya mvua fupi za Oktoba. Zibua kalvati na mtaro. Changarawe iliyosukumwa kando irudishe katikati kwa reki, ule mgongo usipotee. Punguza nyasi na udongo kwenye kingo. Zikiwa juu kuliko njia, njia yenyewe inageuka mtaro.

Shimo likitokea, usilitupie mawe tu. Toa maji na matope, chimba kingo zisimame wima, jaza muramu wenye unyevu kidogo kidogo huku ukishindilia. Shimo la leo hujazwa kwa toroli moja. Likiachwa hadi mvua ipite, utaita lori. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

La mwisho, zungumza na jirani yako. Maji yanayotoka kwako yanaingia kwake, na yake kwa mwingine. Mkichimba mtaro pamoja Jumamosi moja, mtakuwa mmeokoa nyumba zote na barabara pia. Ukitaka kujua kalvati iwekwe wapi na kwa kina gani, njoo ofisini kabla ya kuchimba. Ni rahisi kukuonyesha mapema kuliko kukuagiza ung'oe.