Serikali ya Mseto: Somo la Hesabu ya Viti

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake, kwa maana leo tutaandika tarakimu.

Maneno yetu ya leo ni haya: serikali ya mseto. Mseto mnaujua jikoni, mchele na choroko katika sufuria moja. Serikali ya mseto ni serikali ya vyama viwili au zaidi vilivyopatana kutawala pamoja, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichopata viti vya kutosha peke yake. Lakini mseto wa jikoni ukiisha kuiva hauwezi kutenganishwa. Huu wa serikali waweza kutengana siku yo yote.

Mfano wetu ni nchi ya Afrika ya Kusini, kwa kuwa huko mseto umejaribiwa katika taifa, katika jimbo na katika mji.

Tuanze na taifa. Bunge lao lina viti 400. Nusu yake ni 200. Basi anayetaka kutawala kwa usalama lazima awe na viti 201. Andikeni 201. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Mei 2024, chama cha ANC, kilichokuwa na zaidi ya nusu ya viti tangu mwaka 1994, kilipata viti 159. Toeni 159 katika 201. Vimebaki 42, na hivyo ilibidi kuviomba kwa wengine. Chama cha DA, kilichokuwa mpinzani wake mkubwa, kilikuwa na viti 87. Chama cha IFP kilikuwa na 17.

Wananchi wa huko hawamchagui Rais wenyewe. Wabunge ndio wanaomchagua. Tena sheria inataka Bunge likutane kabla ya siku 14 kupita tangu matokeo kutangazwa. Muda huo ni mfupi sana kwa watu waliokuwa wakitukanana katika kampeni! Bunge lilikutana tarehe 14 Juni, na mapatano ya ANC na DA yalitiwa sahihi siku ile ile, kikao kikiendelea. Cyril Ramaphosa akachaguliwa kwa kura 283.

Je, kupatana juu ya viti ni kupatana juu ya kazi? Sivyo. Tarehe 19 Februari 2025 Waziri wa Fedha alikuwa asome makadirio ya fedha za serikali. Alitaka kupandisha ile kodi inayotiwa katika bei ya vitu dukani, kutoka 15 kwa mia mpaka 17 kwa mia. Mawaziri hawakukubaliana, na hotuba ikaahirishwa siku ile ile. Baadaye nyongeza ilipunguzwa, lakini mwezi wa Aprili wabunge wa DA, ambao wenzao walikuwa wamekaa katika Baraza la Mawaziri, walipiga kura ya kuikataa. Mwisho wa mwezi huo nyongeza ikaondolewa. Mama anunuaye sabuni alilipa kodi ile ile ya zamani, kwa sababu serikali ilikuwa na wenyewe wengi.

Sasa jimbo. KwaZulu-Natal lina baraza la viti 80, na wingi ni 41. Mwaka 2024 chama cha MK kilipata 37, kikawa cha kwanza. Kikaungana na EFF chenye 2. Jumla 39. Upande wa pili, IFP 15, ANC 14, DA 11, na chama kidogo cha NFP kiti 1. Jumlisheni taratibu. Ni 41. Thami Ntuli wa IFP akawa Waziri Mkuu wa jimbo kwa kura 41 dhidi ya 39. Mtu mmoja yule wa NFP angaliketi upande wa pili, zingalikuwa 40 kwa 40.

Katika mji mambo ni magumu zaidi. Baraza la Johannesburg lilikuwa na viti 270, na katika uchaguzi wa Novemba 2021 ANC kilipata 91 tu. Meya akawa Mpho Phalatse wa DA. Septemba 2022 aliondolewa, akaingia Dada Morero wa ANC. Oktoba mahakama ikamrudisha Phalatse. Januari 2023 akaondolewa tena. Kisha wakafuatana mameya wawili wa Al Jama-ah, chama chenye viti 3 katika 270! Vyama vikubwa vilivyokataa kupeana umeya vilimpa mdogo. Agosti 2024 Morero akarudi. Mwananchi mwenye bomba lililopasuka atamwandikia nani barua, ikiwa meya aliyeipokea ameondoka kabla ya kuijibu?

Kazi ya nyumbani. Fikirini baraza lenye viti 60. Chama cha kwanza kina 27, cha pili 22, cha tatu 8, cha nne 3. Kwanza, andikeni idadi ya viti iliyo wingi. Pili, andikeni vyama gani viwili vyaweza kutawala pamoja. Tatu, chama cha kwanza kikiachwa nje, je, wengine waliobaki wanaweza kutawala bila yule mwenye viti 3? Mwalimu wenu atasahihisha daftari kabla ya kipindi kijacho. Kwa herini.