Analipia redio wakati redio ni bure?

Juma lililopita msikilizaji wetu mmoja alinisimamisha stendi, hapa hapa Bariadi mjini, akaniuliza swali. "Mtangazaji, redio hewani ni bure. Jirani yangu ana dishi juu ya bati. Televisheni yake iliungua siku nyingi, lakini kila mwezi analipia king'amuzi ili asikilize redio tu. Hiyo ni akili kweli?"

Nilicheka, nikamwahidi kwamba nitamjibu katika mazungumzo ya juma hili. Nilipokaa kuandika nikaona kwamba si jambo la kucheka. Mtu wa namna hiyo ninaye katika ukoo wangu mwenyewe. Ni baba yangu mkubwa, mkulima wa pamba na mfugaji, akaaye kijiji kimoja cha wilaya ya Meatu, upande wa Pori la Akiba la Maswa.

Televisheni ya baba mkubwa iliharibika msimu mmoja tu baada ya kununuliwa. Dishi na king'amuzi vikabaki. Kijana mmoja fundi akamchomekea waya kutoka king'amuzi hadi kwenye spika, umeme akautoa kwenye sola. Mzee akakariri namba za redio anazozipenda. Huketi kwenye kigoda chake jioni, anabonyeza rimoti bila kioo chochote mbele yake, na redio inazungumza. Jirani akipita humwambia, "Karibu usikilize, hii haikwaruzi."

Siku moja nilimuuliza kwa nini asiache gharama hizo akasikiliza redio zetu za FM. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "redio yenu inakuja kama mgeni asiye na adabu. Inabisha hodi, inaanza habari, ikifika kwenye bei ya pamba inaondoka bila kuaga. Nikisogeza antena inarudi, nikikaa inaondoka. Mimi ni mtu mzima, nimechoka kukimbizana na sauti."

Hapo ndipo penye jibu la kwanza, na si jibu la baba mkubwa peke yake. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka, karibu kama mwanga wa tochi. Kilima kikikaa katikati, au mnara ukiwa mbali, sauti hukwama. Mkoa wetu wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 ukiwa na wilaya za Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, nao ni mkoa mpana. Mtu wa Lamadi kando ya ziwa na mtu wa Mwanhuzi hawawezi kutegemea mnara mmoja mdogo. Setilaiti ya kurushia matangazo inakaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini, nayo huzunguka sambamba na dunia hata ikaonekana kama imesimama mahali pamoja. Kwake hakuna kilima wala bonde. Mtu wa Masaki, Dar es Salaam, na mtu wa porini Meatu wanapata sauti ile ile, safi kwa kiasi kile kile. Kwa mtu aliyezoea kupewa mabaki, jambo hilo lina thamani kubwa.

Jibu la pili ni uchaguzi. Wale wa rika langu na wanaotuzidi wanakumbuka enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC Taifa. Redio ilikuwa moja, na nyumba yenye redio ilijulikana mtaa mzima. Betri zikichoka tulizianika juani ili zitupatie walau taarifa ya habari ya jioni. Tulikuwa na mapenzi na redio ile, lakini tusidanganyane, hatukuwa na kingine cha kupenda. Leo mtu akibonyeza rimoti anapata taarabu, mahubiri, mpira na lugha za mbali. Anayelipa anajiona kama mteja anayeheshimiwa.

Na ugonjwa huu si wa Meatu peke yake. Huko Marekani, mahali ambako redio za bure zimejaa kila mji, kampuni mbili za XM na Sirius zilianza mwaka 2001 na 2002 kuwauzia watu redio ya setilaiti kwa malipo ya kila mwezi. Wengi waliwabeza. Nani atalipia kitu ambacho babu yake alikipata bure? Lakini dereva wa lori aligundua kwamba anaweza kuvuka nchi nzima bila kubadilisha stesheni, na mpenda muziki aligundua chaneli za muziki zisizo na matangazo ya sabuni. Mwaka 2008 kampuni hizo ziliungana, na kufikia mwaka 2024 zilikuwa na wateja zaidi ya milioni 30. Kumbe watu wako tayari kulipia sauti, mradi isiwasumbue.

Wengi wetu hatujui kwamba Afrika ilitangulia katika jambo hili. Mzaliwa wa Ethiopia aitwaye Noah Samara alianzisha kampuni ya WorldSpace mwaka 1990. Kilichomsukuma zaidi ni habari za UKIMWI barani Afrika. Aliona watu wanakufa kwa kukosa maarifa, na maarifa yenyewe yapo. Tarehe 28 Oktoba 1998 setilaiti yake, AfriStar, ilirushwa kutoka Kourou, Guiana ya Kifaransa, na mwaka uliofuata matangazo yakaanza kushuka juu ya bara letu. Hiyo ni kabla ya Wamarekani kusikia ya kwao. Redio zake zilikuwa ndogo, zenye antena bapa unayoielekeza angani. Jirani zetu wa Kenya walizitumia kupeleka masomo kwenye shule za msingi. Wataalamu wa hali ya hewa nao walizitumia, katika mpango ulioitwa RANET, kupeleka taarifa za mvua vijijini.

Lakini redio hizo zilikuwa ghali, mkulima wa kawaida asingeweza kuzimudu. Baadaye kampuni ilitegemea malipo ya wasikilizaji, na wengi wa waliolipa walikuwa India, si Afrika. Oktoba 2008 ikaomba mahakamani hifadhi ya mufilisi. Mwisho wa mwaka 2009 huduma ya India nayo ikazimwa. Waliobaki na redio zile walibaki na pambo la kabatini. Mwenye redio ya kawaida, kituo kimoja kikifa, husogeza mshale akatafuta kingine. Mwenye redio ya kulipia anaishi kwa uhai wa kampuni. Hilo si la kumtisha mtu, lakini alijue kabla ya kutoa fedha zake.

Sasa, wasikilizaji wapenzi, nataka niwaeleze jambo lililonifanya niandike mazungumzo haya kwa uzito. Linanigusa mimi na kazi yangu.

Mwaka juzi, wakati wa masika, alifariki bibi mmoja wa ukoo wetu hapa Bariadi. Bibi huyo na baba mkubwa walilelewa nyumba moja, walichunga ng'ombe pamoja, na kwa umri wake baba mkubwa ndiye aliyestahili kusimama mbele ya wanandugu siku ya mazishi. Tulimpigia simu, ikawa haipatikani. Baadaye tulikuja kujua kwamba ilikuwa kwa fundi, Mwanhuzi. Tukamtuma kijana kwa pikipiki, akakuta korongo limejaa maji, akarudi. Wazee wakanigeukia. "Wewe ni mtu wa redio. Tangaza, atasikia."

Nilitangaza. Nilisoma tangazo lile kwa sauti yangu mwenyewe, asubuhi, mchana na jioni. Nilitaja jina la marehemu, nikataja jina la baba mkubwa, nikataja kijiji chake na kitongoji chake. Tulisubiri kutwa nzima na usiku wake. Kesho yake tulizika bila yeye.

Siku tisa baadaye maji yalipopungua nilikwenda Meatu. Nilimkuta kwenye kigoda chake. "Shikamoo baba mkubwa." "Marahaba mwanangu, karibu." Alifurahi, akadhani nimekuja kumsalimu tu. Kabla sijasema neno alinieleza yaliyokuwa yakiendelea Bungeni, Dodoma, akanieleza na jinsi Simba na Yanga walivyocheza. Alijua habari za nchi kuliko mimi niliyezisoma. Kisha nikamweleza habari za dada yake.

Alinyamaza muda mrefu. Akaniuliza, "Hamkutangaza?" Nikasema, "Nilitangaza mimi mwenyewe, mara tatu." Akauliza tena, "Kwa redio ipi?" Hapo ndipo nilipoelewa. Redio yake ndogo, ile ya kukwaruza, alikuwa amempa mjukuu tangu king'amuzi kilipofika. Redio ile, ukiitundika kwenye mwembe, ilikuwa inatunasa sisi saa za asubuhi. Kwa kukwaruza, ndiyo, lakini ilikuwa inatunasa. Setilaiti ilimpa nchi nzima kwa sauti safi, lakini haikuwa na habari ya msiba wa nyumbani kwake. Ingeipataje? Anayetangaza kwa watu wote wa nchi hawezi kusoma jina la kitongoji chako.

Sikusimulia haya ili niwalaumu wanaolipia. Baba mkubwa hakukosea kuchoka na sauti inayokatika. Waliokosea kwanza ni sisi tulioridhika na sauti inayokatika. Sisi wa redio za mikoani tumezoea kujisifu kwamba tunasikika mkoa mzima, hali tunajua kwamba tukivuka kilima fulani tumekwisha kutoweka. Tumezoea kuujaza muda kwa muziki ule ule ambao msikilizaji anaupata kwa usafi zaidi angani, na tangazo la msiba tunalisoma haraka haraka kama deni. Hatuwezi kushindana na setilaiti kwa muziki. Tulicho nacho ambacho yeye hana ni majina ya watu wetu, bei ya pamba kwenye AMCOS yetu, ng'ombe aliyepotea, daraja lililokatika, na saa ya mazishi.

Kwa hiyo nina maneno matatu.

La kwanza ni kwa msikilizaji anayelipia. Endelea kulipa kama uwezo unao na roho inapenda. Starehe si dhambi. Lakini usiitupe redio ndogo. Mwezi ambao ada ya shule imemeza kila kitu, king'amuzi kitanyamaza, na redio ndogo haitakudai.

La pili ni kwetu watangazaji. Tuache kuwaambia watu kwamba redio yetu ni bora kwa sababu ni bure. Kitu cha bure kisichofika si cha bure, kina gharama yake, na ukoo wetu umeilipa. Tutengeneze minara, tuseme ukweli kuhusu mahali tusipofika, na tangazo la msiba tulisome kama linavyostahili.

La tatu ni kwa wenye mamlaka. Nchi hii ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekewa sheria mwaka 2006 kwa ajili ya maeneo ambayo mfanyabiashara haoni faida ya kuyafikia. Tunapohesabu minara ya simu tusisahau usikivu wa redio. Tahadhari ya mafuriko, taarifa ya mvua kabla ya kupanda pamba, chanjo ya watoto na ya mifugo, hayo ni mambo ya watu wote. Hayafai kumfikia tu yule aliyelipa mwezi huu. Mwenye kutaka taarabu usiku kucha alipie, ni haki yake. Lakini habari ya kuokoa shamba au mtoto isifungiwe ndani ya king'amuzi.

Na yule bwana wa stendi aliyeuliza kama ni akili, namjibu hivi: ndugu yangu, jirani yako ana akili timamu. Amekaa miaka mingi pembeni ya mazungumzo ya nchi, akisikia nusu nusu, na sasa amepata mahali pa kukaa ndani. Analipia asiachwe nje. Msalimie, halafu muulize kama ile redio yake ndogo bado ipo.

Ya baba mkubwa ipo. Aliichukua kutoka kwa mjukuu, akamnunulia nyingine. Ameitundika kwenye mwembe ule ule, na saa ya matangazo ya vifo ikifika anazima spika kubwa, anatoka nje na kusimama chini ya mti. Akimaliza kusikiliza anarudi ndani kwenye setilaiti yake. Nami kila nikisoma matangazo hayo siku hizi, nasoma polepole, kwa sababu namjua mtu mmoja ambaye amesimama anasikiliza.

Hadi juma lijalo, kwaherini.