Kijana, gari la kwanza na bima ya elfu sitini



Jumapili iliyopita alikuja nyumbani kijana wa dada yangu. Ana umri wa miaka 23, amepata kazi mwaka jana, na kwa akiba yake pamoja na mkopo wa kazini amenunua gari dogo lililokwisha kutumika, la aina ile iliyojaa katika barabara zetu. Tulilizunguka, tukalisifia, mama yake akaliombea dua. Kisha kijana akanivuta pembeni. "Mjomba," akaniambia, "wewe unafahamiana na watu. Wapi nitapata bima ya bei nafuu? Kuna jamaa pale stendi anasema anazo za elfu sitini."

Niliposikia hiyo elfu sitini, moyo ulinishtuka. Niruhusu, msikilizaji, nikueleze kwa nini.

Mwaka 2004 nami nilikuwa kijana wa umri huo huo, nina pikapu kuukuu ambayo niliipenda kuliko kitu chochote. Bima niliikata kwa dalali aliyekuwa akizunguka na begi lake kwapani. Stika ilikuwa na rangi nzuri, ina muhuri, ina jina la kampuni. Trafiki walinisimamisha mara kadhaa, wakaitazama, wakaniruhusu niende. Mwezi wa nne, asubuhi ya mvua, huko Tandika nikamgonga mtu wa baiskeli aliyekuwa amebeba mikate. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Nilipokwenda kwenye kampuni iliyotajwa katika stika, karani alifungua daftari lake, akatafuta, akalifunga. Namba ile haikuwa yao na dalali yule hawakumjua. Matibabu ya yule bwana, posho ya nyumba yake kwa miezi yote aliyolala, na baiskeli mpya, vyote vilitoka mfukoni mwangu. Pikapu ikauzwa. Hadi leo anachechemea, na tukikutana njiani ni yeye anayewahi kunisalimu.

Basi tuzungumze juu ya bei, maana vijana wengi huzunguka mjini wakitafuta bima ya chini kuliko ile ambayo kampuni halali yaweza kuuza. Zamani hapakuwa na haja ya kuzunguka. Tangu bima ilipotaifishwa mwaka 1967, mlango ulikuwa mmoja tu, wa Shirika la Bima la Taifa. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ndiyo iliyofungua soko kwa makampuni binafsi, na leo msimamizi wa soko hilo ni TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Makampuni ni mengi, lakini kwa bima ya magari viko viwango vya chini. Kwa gari dogo la binafsi, kiwango ambacho mawakala wamekuwa wakikitumia miaka ya karibuni kwa bima ndogo ni shilingi 100,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Kwa bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, nayo kabla ya kodi. Gari la milioni 12, kwa mfano, litalipiwa 420,000 na kodi juu yake. Sasa mtu anayekuuzia kwa elfu sitini kile ambacho wenzake hawashuki chini ya laki moja, hiyo nafuu anaitoa wapi?

Kijana wangu alikuwa amesoma kwenye simu yake kwamba Uingereza dereva kijana hutozwa bima ya kutisha, pengine karibu na bei ya gari lenyewe, na wengine huwekewa kifaa garini kinachopima mwendo wao. Ni kweli, kwa sababu wenzetu huko hutazama sana dereva: umri wake, mtaa anaoishi, miaka aliyoshika usukani. Kwetu kiwango cha chini hutazama gari na kazi yake. Mzee wa miaka 60 na kijana aliyepata leseni juzi wanaweza kulipa laki moja ile ile.

Lakini usishangilie bado. Kijana wa hapa hulipa ujana wake siku ya ajali. Katika hati nyingi za bima kubwa kuna fungu la kwanza la hasara ambalo mwenye gari hulibeba mwenyewe. Mawakala huliita ekses. Fungu hilo huongezwa iwapo aliyekuwa akiendesha ana umri mdogo, mara nyingi chini ya miaka 25, au leseni yake bado changa. Habari hiyo imeandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa ndani, na ni wachache wanaoisoma. Muulize wakala mapema, kabla hujatoa fedha: nikigonga mimi, si baba, mimi mwenyewe, nitatoa kiasi gani kwanza? Kampuni mbili zinaweza kuwa na bei moja na zikatofautiana sana katika jibu hilo. Hapo ndipo pa kutafutia nafuu.

Wapo wanaotafuta nafuu kwa kuongopa. Mmoja hutaja gari la milioni 12 kuwa ni la milioni 6 ili alipe nusu. Anasahau kwamba kampuni nayo yaweza kumlipa nusu: matengenezo yakiwa milioni 2, atapewa milioni moja, tena ekses itolewe humo. Mwingine huandika kwamba mwendeshaji ni baba, kumbe baba yuko Singida na hajui hata rangi ya gari. Fomu ya bima ni tamko. Ukificha jambo kubwa, umeipa kampuni sababu ya kukataa madai yako.

Kundi linalonisikitisha zaidi ni la vijana wanaokata bima ya gari la binafsi, kisha jioni wanabeba abiria wa taksi za mtandao. Wanatafuta riziki, siwalaumu. Ila bima ya binafsi si ya biashara, na siku abiria akiumia, swali la kwanza la kampuni litakuwa: gari lilikuwa kwenye kazi gani? Tofauti ya malipo kati ya bima hizi mbili ni ndogo mno ukilinganisha na bili ya mifupa. Ninaifahamu bili hiyo.

Je, kijana mwenye gari la bei ndogo akate bima kubwa au ndogo? Bima ndogo hulipa madhara uliyomfanyia mwingine. Taa na bampa lako utajua mwenyewe na fundi wako. Kama gari ni la mkopo, mwenye fedha kwa kawaida atadai bima kubwa na mjadala umekwisha. Kama ni lako, jiulize: likiteketea kesho, utaweza kununua jingine? Kama huwezi, na kazi yako inalitegemea, jibane ukate kubwa. Usipodai kwa mwaka mzima, uliza punguzo la kutodai. Ukihamia kampuni nyingine, omba barua ya kuthibitisha rekodi yako uende nayo.

Tulimaliza shauri letu hivi. Kijana alikuwa na fedha ya bima ndogo tu, nami sikumlazimisha. Jumatatu tulikwenda pamoja kwa wakala mwenye leseni, tukalipa, tukapewa risiti. Siku hizi stika ni ya kielektroniki, na mtu yeyote anaweza kuihakiki kwa simu katika mtandao wa TIRA. Tukiwa bado mlangoni nikamwambia aingize namba ya gari. Haikuonekana. Akaingiza tena, haikuonekana. Tukarudi ndani, wakala akavaa miwani, akagundua kwamba alikosea herufi moja ya namba ya gari. Alirekebisha, tukahakiki mara ya tatu, jina la kijana likatokea. Funguo nilikuwa nimezishika mimi, nikampa.