Mtoto Mwenye Ulemavu Naye Apewe Zamu

Leo tunazungumza juu ya mchezo, na hasa mchezo kwa mtoto mwenye ulemavu.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Siku moja nilitembelea nyumba moja nje kidogo ya mji wa Kitale. Mama wa nyumba hiyo alikuwa na msichana wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo. Aliniuliza, "Sista, huyu anaweza kucheza na wenzake?" Nikamjibu haraka, "Hapana mama, mwache apumzike, asije akaumia." Niliporudi baada ya miezi kadhaa, magoti ya mtoto yalikuwa yamekakamaa hata kumvalisha nguo ilikuwa kazi. Mapumziko niliyomshauri yalikuwa yamechangia kumdhuru.

Mama, msuli usiotumika hufupika na kiungo kisichonyooshwa hukaza. Mtoto anayeketi mahali pamoja kutwa nzima hupata vidonda, choo kigumu na usingizi mbaya. Tena hupata huzuni, kwa maana anasikia wenzake wakicheka nje naye yuko ndani. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Watoto wenye ulemavu wamo katika ushauri huo, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake.

Sasa acheze nini? Wengi wetu tulipokuwa shule ya msingi tulicheza raunda. Unapiga mpira kwa gongo, unakimbia kutoka kituo hadi kituo, wenzako wanaufukuzia mpira. Softiboli ni ndugu wa mchezo huo. Ilianza mwaka 1887 mjini Chicago, Marekani, vijana walipofunga glavu ya ngumi kwa kamba na kuipiga kwa mpini wa ufagio. Kwa hiyo usiseme huna pesa za vifaa. Zamani watoto wetu walifunga mpira kwa mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2017. Tumia vitambaa vikuukuu na kamba ya katani. Mpira wa vitambaa ni bora kwa anayeanza, maana mpira halisi wa softiboli ni mgumu na unaumiza.

Uzuri wa mchezo huu ni kwamba kila mtoto anapata zamu yake, na sheria zinaweza kulegezwa. Mtoto asiyeweza kusimama apige akiwa ameketi, na mwenzake akimbie kwa niaba yake. Asiyeweza kupiga mpira unaotembea, uweke mpira juu ya kisiki. Kwa mtoto asiyeona, funga njuga ndani ya mpira. Kwa asiyesikia, inua kitambaa chenye rangi badala ya kupiga filimbi. Kwa mwenye ulemavu wa akili, mpe agizo moja kwa wakati mmoja, kisha umsifu. Michezo ya Special Olympics, iliyoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili, ina softiboli pia.

Kuna watoto wengine wanaoachwa nje ya uwanja, ingawa viungo vyao ni vizima. Hao ni watoto wa jamii za msituni, kama Ogiek wa Chepkitale katika Mlima Elgon na Sengwer wa Cherangany. Wakija kwenye shule za chini huku, wengine huwaita "Wandorobo", jina la kudharau watu wasio na ng'ombe. Mama, jina kama hilo humfukuza mtoto uwanjani sawasawa na jina "kiwete". Na mtoto wa msituni mwenye ulemavu hubeba mizigo miwili. Kule Australia, Stacey Porter, mwanamke wa jamii ya wenyeji wa asili, alikuwa katika timu ya softiboli iliyopata medali ya fedha ya Olimpiki mjini Athens mwaka 2004. Alifika huko kwa sababu alipewa nafasi ya kucheza. Basi wafundishe watoto wako kuwaita wenzao kwa majina yao.

Kabla ya kuanza, zingatia haya. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo au mgongo wazi, mwonyeshe kwanza mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya kaunti, Kitale au Bungoma. Mwenye dalili za Down apimwe moyo na shingo. Mwenye kifafa asikose dawa hata siku moja. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie chochote kinywani, na kifafa kikipita dakika tano mkimbize hospitali. Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, acheze asubuhi mapema au baada ya saa kumi jioni. Anayetumia kiti cha magurudumu, mkague makalio kila jioni, na ukiona wekundu usiopotea, njoo kliniki. Wote wanywe maji safi. Mtoto akisema amechoka au anaumwa, mpumzishe.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata Wakenya 918,270 wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka 5. Lakini mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma hahesabiki wala hatibiwi. Mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako kwamba unaye. Akusaidie umfikishe kwenye tathmini na umwandikishe katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Usione haya. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika.

Yule msichana wa Kitale? Nilimwomba mama yake msamaha. Tulianza kwa kumnyoosha miguu kila siku, kama mtaalamu alivyotuonyesha. Magoti hayajanyooka kabisa, sitakudanganya. Lakini siku moja nilimkuta uani, ameketi kwenye kiti cha plastiki, gongo mkononi. Alikosa mara mbili. Mara ya tatu akaupiga, binamu yake akatimua mbio kwa niaba yake, naye akapiga kelele hadi majirani wakatoka nje kutazama. Mama yake hakumrudisha ndani.

Wiki hii, mama, funga mpira wa vitambaa, ite watoto wa jirani, na wako awe wa kwanza kupiga.